Kiganja cha Makame

Bwejuu,
Jumatano, alasiri

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Najua umeitikia marahaba hapo ulipokaa, kwa hiyo naendelea. Mimi mzima. Kifua kimeniachia tangu nianze kunywa mchemsho wa tangawizi wa mkaza mjomba, na chakula nakula. Nataka kujua hali yako wewe. Mguu unaendeleaje? Bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Bibi anapata usingizi? Na mjomba Haji, ukenda kumtazama hospitali, anasema nini juu ya lile jicho? Mcha, dereva wa gari la shamba, alituambia kitambaa bado hakijafunguliwa lakini daktari ameridhika, na kesho ataruhusiwa kurudi. Mkaza mjomba alisujudu pale pale uani, mikono ina unga.

Nisamehe ikiwa herufi zimekaa ovyo. Naandika juu ya goti, nyuma ya banda la kuku, kwa sababu ndani kumejaa wanawake na kila mmoja atataka kujua namwandikia nani na kwa nini nalia. Barua hii nimeshaianza nikaichana. Sasa naiandika mpaka mwisho hata ikiwa mbaya.

Uliponileta huku baada ya kumaliza shule uliniambia nije niwe macho ya kaka yako. Nilidhani nitamsomea magazeti. Kumbe kazi kubwa ilikuwa chumba cha vyuma. Wewe hukuwahi kukiona vizuri, maana kila ukija mkaza mjomba hukifunga kwa aibu. Ni kile chumba cha uani kilichokuwa cha kuwekea makumbi. Sasa kimejaa vitu vya magari ya vita, kutoka mlangoni mpaka ukutani. Kuna usukani wa jipu. Kuna taa zilizovikwa kofia ya bati ili ndege za adui zisione mwanga, na mjomba huziita taa zenye kope. Kuna magaloni ya chuma ya petroli, miwani ya vumbi iliyobaki kioo kimoja, honi, saa za mwendo, vibati vya namba, na nembo ndogo ndogo zenye taji la Kingi, ambazo mjomba anasema hazitatolewa tena maana sasa yuko Malkia. Vyengine alirudi navyo mwenyewe ndani ya blanketi lake la jeshi. Vyengine amevipata kwa mabaharia wa Mombasa wanaoteremka hapo Malindi, mtaani kwako, wanaojua kwamba ukimletea Haji wa Bwejuu kipande cha lori hukosi pweza mkavu. Na yupo Mhindi wa duka la spea kule Mchangani, ambaye ana ugonjwa huo huo. Wakikutana hubadilishana nembo kama watoto wanavyobadilishana gololi, na kila mmoja huondoka akiamini amempunja mwenzake.

Watu wanamcheka, mama. Bi Pili, jirani yetu, kila akipita husimama mlangoni na kuuliza, "Haji, gari lako litakwisha lini? Tunangoja kupanda."

"Imebaki injini tu, Bi Pili," mjomba humjibu. "Na wewe utakaa mbele, ukitunyooshea njia kwa ulimi wako."

Mimi nilipenda kukaa naye mle chumbani. Ananipa kitu, namsomea maandishi, naye ananieleza kilikaa wapi kwenye gari na kilifanya kazi gani. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nazungumza bila kutetemeka. Sharti lake lilikuwa moja tu. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu, kutu ipakwe mafuta ya nazi kidogo, lakini rangi isiguswe. Siku ya mwanzo nilileta maji na sabuni akanishika mkono. "Mwanangu, rangi ndiyo iliyokwenda vitani," akasema. "Ukiiondoa unabaki na bati, na mabati yako tele."

Sasa nakueleza kitu nilichoambiwa nisimwambie mtu. Sina njia nyengine.

Mle chumbani kulikuwa na kifuniko cha kisanduku cha spana, kilichotoka kwenye lori aliloliendesha mjomba huko Burma. Kipana kama sinia, kingo zimeinuka kidogo, upande mmoja bawaba imekatika. Rangi yake ilikuwa kijani cha giza. Katikati ya ile rangi palikuwa na alama ya kiganja cha mtu, kizima, vidole vimetanuka, na kidole cha mwisho kilikuwa kifupi. Kilikuwa kiganja cha Makame.

Wewe labda unamkumbuka Makame, mtoto wa Bi Mize wa Paje. Alikuwa taniboi wa mjomba, msaidizi wake kwenye lori. Mjomba alinihadithia kidogo kidogo, kila jioni kipande. Waliamriwa kuyapaka malori rangi upya, mvua ikapumzika, wakapaka. Makame akateleza kwenye tope, akajizuia kwa mkono wa kulia juu ya kifuniko, na rangi bado mbichi. Sajini akaja mbio akifoka, "Nani huyu kapiga muhuri kwenye gari la Kingi?" Makame akanyoosha mkono wake wa kijani. "Mimi, bwana. Likipotea, walirudishe Paje." Mjomba akifika hapo hucheka mpaka anakohoa. Rangi ilikuwa imekwisha, basi alama ikabaki. Kile kidole kifupi kilikatwa na panga utotoni, alipokuwa anamchanjia mamaake kuni.

Kisha bawaba ikakatika, na kifuniko kikaachwa kambini kitengenezwe. Lori likaenda bila ya kifuniko. Daraja likavunjika. Mjomba alitoka majini, Makame hakutoka. Akifika hapo mimi huinuka kwenda kutia maji kwenye mtungi ambao hauna haja ya maji.

Hakuna kaburi, mama. Bi Mize alisomewa habari, akamsomea mwanawe hitma bila ya maiti, basi. Mjomba aliporudi alikwenda Paje kumpa mkono, na kifuniko alikuwa nacho kwenye blanketi, lakini hakukitoa. Anasema alimkuta mama yule ameshamaliza kulia, akaogopa kumwanzisha upya. Mwaka ukapita na mwengine ukapita, na kila ulipopita jambo lilizidi kuwa zito. Macho yalipoanza kuziba ndipo alipobadilika. Jioni alikuwa akikichukua kifuniko na kukipapasa, maana rangi ilikuwa imejikunja pembezoni mwa vile vidole, na ukipitisha ncha ya kidole chako unausikia mkono wote, kama unavyousikia upindo wa kanga gizani. Siku moja akaniambia, "Mimi nikimtaka Makame namwona hivi. Mamaake je, ana nini?"

Kwa hiyo kabla hajapanda gari kuja kutibiwa, alimtuma Mcha Paje na neno moja. Akirudi salama, Bi Mize aje Ijumaa baada ya sala, ana kitu cha Makame cha kumkabidhi. Kitu gani, hakusema. Mimi akanivuta pembeni. "Usimwambie mkaza mjomba wako," akasema. "Atalia leo, na kesho Bwejuu nzima italia, na mwenyewe msiba atakuwa wa mwisho kujua." Nikamwahidi.

Jumatatu wakaja wanawake. Unayajua mambo ya huku kwenu kuliko mimi. Mgonjwa akitoka hospitali hawezi kurudi kwenye nyumba ile ile aliyoiacha. Lazima isuguliwe, na vyombo vyote vitolewe nje, maana wanasema maradhi hujificha kwenye masizi na kutu. Hakuna aliyeitwa. Walikuja tu, huyu ana ndimu, huyu ana makumbi, huyu ana majivu, na Bi Pili akabeba magadi kichwani. Wakachemsha majivu na magadi kwenye pipa. Nilifurahi nao, mama. Nilisugua masufuria, nikacheka waliponicheka. Kisha mkaza mjomba akasimama mbele ya chumba cha vyuma, mikono kiunoni.

"Na humu je?" akasema. "Mume wangu arudi na jicho jipya, la kwanza alitazamishe kutu?"

"Fungua, shoga," akasema Bi Pili. "Leo na gari la Haji linaoga."

Nilisema. Nakuomba uniamini kwamba nilisema.

"Mkaza mjomba, mjomba kasema vya humu visioshwe."

"Mjomba wako kasema hata popo wa darini wasifukuzwe!" Wote wakacheka.

"Rangi itatoka," nikasema.

"Ndiyo tunayoitaka itoke! Rangi gani ile, kama mavi ya ng'ombe? Taji la Kingi limelala kwenye uchafu, mwenyewe Kingi angeona haya."

"Muacheni mwari wa mjini," akadakia mwengine. "Kucha zake hizo zinamuuma."

Unanijua. Darasani nilikuwa nalijua jibu, na mwalimu akiniita jina, jibu linakimbia. Wakaanza kutoa taa, nembo, honi, wanacheka na kuzipuliza. Nikajipenyeza nikakitoa kifuniko, nikakificha chini ya kitanda cha mjomba, nikakisukuma mpaka ukutani. Vile vyengine nilijua vimekwenda. Nilisema moyoni, hiki kimoja kitabaki.

Nikatumwa kisimani. Niliporudi na ndoo, mkaza mjomba alikuwa amesimama kwenye pipa na kijiti mkononi, anacheka kwa furaha. "Hata hiki kilikuwa kimesahauliwa, chini ya kitanda! Kama si mimi kuinama na ufagio, kingebaki peke yake na uchafu wake."

Kifuniko kilikuwa ndani ya pipa.

Ningeweza kusema wakati ule. Ningepiga kelele kwamba ni mkono wa Makame. Lakini niliitazama ile rangi inapanda juu ya maji vipande vipande, kama utando wa maziwa, na sikujua tena naokoa kitu gani. Bi Pili alikitoa akakitia mchanga na ndimu, akakisugua kwa kumbi huku anaimba. Ni mwanamke mwenye nguvu, na alikuwa anafanya wema. Hakubakisha hata pembeni. Maji yalimwagwa chini ya mpapai.

Usiku ule sikulala. Nilipita pale kwenye mpapai asubuhi nikatazama chini. Kulikuwa na mchanga wa kijani kidogo, kuku wanauparura.

Mama, nitakuambia na jambo jengine nililolifikiria, ili usidhani nimekaa tu. Kwenye rafu ya mjomba mna kopo la rangi ya kijani, si ile, lakini inafanana. Nilisema nitapaka kifuniko upya na kuweka mkono wangu. Macho ya mjomba ni mabovu, na Bi Mize hajawahi kukiona. Nililifungua lile kopo. Nikaweka kiganja changu kikavu juu ya bati kupima. Ni kidogo, mama, kiganja cha msichana. Na nikaona kwamba hata kingekuwa kikubwa, mama wa watu atakipapasa akilia, na mkono anaoulilia ni wangu mimi. Nikalifunga kopo.

Basi jana Bi Mize akaja. Hakuweza kungoja Ijumaa. Alitembea kutoka Paje na jua lile, kibibi chembamba, ana kanga mpya ambayo bado haijafuliwa. Mkaza mjomba, akidhani amekuja kuulizia mgonjwa, alimpokea vizuri mno, akatandika mkeka, akapika kahawa. Kisha akaingia ndani, akatoka na visheti vimepangwa juu ya kile kifuniko. Kinang'ara kama sinia la harusi. Alikiweka mkekani mbele ya Bi Mize.

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti. Nilishika mwimo wa mlango.

"Sinia zuri," akasema Bi Mize. "La mjini hili?"

"La mjini wapi! Hilo ni katika mavyuma ya Haji. Lilikuwa jeusi tii, limejaa marangi. Tumelifufua."

"Vitu vya vita?"

"Vya vita, bibi. Angalau vita vimetupatia sinia."

Bi Mize akacheka. Alicheka vizuri tu, mama, kama mtu aliyeambiwa jambo la kuchekesha. Akachukua kisheti kimoja, akakimung'unya polepole kwa sababu meno hana. Alipokuwa anaondoka, mkaza mjomba ameingia kumfungia mihogo, Bi Mize akaniita kwa mkono.

"Wewe ndiye unayemsomea Haji?"

"Naam."

"Basi unajua. Niambie, mjukuu wangu, ana nini cha Makame? Ni nguo?"

Nikatikisa kichwa.

"Nimefikiri huenda ni nguo. Nguo huwa inabaki na mtu." Akanitazama. "Si lazima useme. Nimekaa miaka yote hii sijui, siku hizi mbili tatu zitanishinda nini? Ila usiku siwezi kulala kwa furaha, na mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba furaha nayo inakesha."

Nilimbusu mkono. Sikuweza kufanya jengine. Alifikiri ni adabu, akaniombea mume mwema.

Sasa ni hivi, na hapa ndipo ninapokuhitaji. Leo mchana mkaza mjomba amepata wazo. Anasema mjomba atangulie kupata furaha huko huko hospitali. Amelijaza lile sinia visheti na mkate wa kumimina, amelifunga kwa kanga yake ya Idi, na kesho alfajiri Mcha atalichukua pamoja na mzigo wa kamba za makumbi na barua hii. Amemwambia Mcha, "Umpe mkononi mwake. Nataka alipapase asikie lilivyo laini, aseme ni nini. Akishindwa kukisia, umwambie mkewe kamzidi akili." Anacheka peke yake jikoni tangu mchana. Amenunua na udi.

Atakisia, mama. Atazijua zile kingo, na pale bawaba ilipokatika. Kisha atapitisha vidole katikati.

Nimejaribu kumwambia mkaza mjomba leo. Nilikwenda jikoni nikasimama. Alinigeukia, uso una jasho na furaha, akasema, "Mwanangu, unajua kwamba katika miaka yote ya ndoa hii hajawahi kuniambia nimefanya vizuri juu ya mavyuma yake?" Nikasema nimekuja kuchukua chumvi.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Nenda hospitali kabla ya Mcha. Ukikuta furushi limeshafika, lichukue wewe, sema ni la kwako, sema lolote, lakini asilishike kabla hujazungumza naye. Mwambie wewe. Wewe ni dada yake, umemwona akilia tangu mkiwa wadogo, mbele yako hataona haya. Usimwambie kwamba mkewe ni mjinga, kwa sababu si mjinga, hakuambiwa. Ikiwa lazima mtu alaumiwe basi nilaumiwe mimi niliyekuwepo, ingawa sijui ningeshika nini na mikono yao ilikuwa mingi. Na muulize, mama, Ijumaa Bi Mize akija tumwambie nini. Mimi nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Labda yeye anajua. Amsimulie ule mkono wa kijani na maneno ya Makame kwa sajini. Lakini sijui kama mtu aliyengoja kushika kitu atatosheka na kusikia.

Jibu lako haliwezi kunifikia kabla yake, maana gari litakalokuletea barua hii ndilo litakalomrudisha mchana. Nitajua umemwambia au hukumwambia nitakapomwona anateremka.

Nisalimie bibi, mwambie dawa ya kuchua magoti nimeipata kwa mkunga wa hapa na nitaituma safari nyengine. Nisalimie kaka Abdalla, na akirudi bandarini usimweleze habari hii, maana yeye hucheka kila kitu. Mdogo wangu Nassor mbusu mashavu yote mawili, na mwambie kobe wa pwani niliyemwahidi hajapatikana. Mfikishie salamu mwalimu wangu wa kushona akipita kwako. Mkaza mjomba na wanawake wote wa hapa wanakusalimu sana, na wao hawana habari nimeandika nini.

Mungu akupe nguvu za mguu kesho, mama, kuliko siku zote.

Ni mimi mwanao,
Rukia

Nimemwomba Mcha apite kwako Malindi kwanza, ndipo aende hospitali. Amesema hawezi kuahidi, itategemea mzigo wa kamba unateremkia wapi. Ikiwa unayasoma haya na bado hujavaa buibui, iache karatasi hapo hapo uende.